Nimepewa likizo bila malipo na kodi inakaribia. Naombaje nafuu bila kufukuzwa?

dobi_wa_hoteli ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisomee mpaka mwisho, nahitaji ushauri wa mtu anayeyajua mambo haya.

Mimi ni dobi wa hoteli, nafua na kupiga pasi mashuka, taulo na sare za wafanyakazi. Tangu ugonjwa ulipuke na safari kusitishwa, wageni wamepungua mpaka wakaisha. Kwanza walitupunguzia zamu, kisha wiki iliyopita sisi wote wa chumba cha kufulia tukapewa barua ya likizo bila malipo "hadi itakapotangazwa vinginevyo". Hatujafukuzwa, ila mshahara hakuna, na hakuna anayejua tutaitwa lini.

Napanga vyumba viwili, naishi na watoto wangu wawili na mama yangu ambaye ni mgonjwa wa shinikizo la damu, dawa zake hazikosi hata siku moja. Mkataba ni wa mwaka na umebakiza miezi saba. Kodi nalipa kila mwezi, na tangu niingie sijachelewesha. Amana ya miezi miwili iko kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, tunasalimiana vizuri, lakini anayepita kukusanya kodi ni mwanawe na hana subira. Jirani yangu alikuwa dereva wa watalii, naye kazi imesimama. Alimwambia kijana hana kitu, na baada ya siku chache akarudi akakuta kitasa kimebadilishwa, mkewe na mtoto wamekaa nje na ndoo. Walifunguliwa ndugu walipochanga.

Akiba yangu inaweza kulipa kodi ya mwezi mmoja tu, au kutulisha na kununua dawa za mama kwa miezi mitatu tukijibana sana. Vyote viwili haiwezi.

Sasa kijana ameshasikia hoteli imefungwa. Ameniletea karatasi nisaini, imeandikwa kwamba nitalipa malimbikizo yote mwisho wa mwezi wa tatu kuanzia sasa, na nikishindwa nitahama bila notisi. Wakati hata deni bado sina! Amesema atairudia Jumapili.

Nisaini? Nimwendee mama mwenyewe au nikae kimya mpaka tarehe ya kodi ifike? Na nikienda, niombe kitu gani hasa? Nikifikiria mama yangu kukaa nje na ndoo silali.

fundi_bomba:

Pole sana dada. Ushauri wangu, usiseme lolote. Ukishawaambia huna kazi wataanza kukutafutia sababu za kukutoa. Kodi ya mwezi huu lipa kwa hiyo akiba, mwezi ujao Mungu ni mwema, pengine hoteli itafunguliwa.

karani_wa_kodi:

Dada, pole kwa mtihani huu. Nilikuwa karani wa kodi kwenye ofisi ya kusimamia nyumba kwa miaka mingi, mimi ndiye niliyekuwa nikipokea pesa, kukata risiti na kuandika barua za madai. Siku hizi nasaidia wapangaji kuandika barua za upande wao. Kaka fundi_bomba ana nia njema, lakini ushauri wake siukubali na nitaeleza sababu.

Naanza na karatasi kwa sababu ina tarehe ya Jumapili. Usisaini. Karatasi ya namna ile inafanya mambo mawili kwa mkupuo: inakufanya ukiri deni ambalo bado halipo, na inakufanya uiachie haki yako ya kupewa notisi. Kijana akija, mpokee kwa adabu, mwambie, "Nimeisoma, nakuja kuzungumza na mama mwenyewe, na nitaleta maandishi yangu." Usibishane naye mlangoni. Baki nayo au ipige picha, kwa sababu inaonyesha walichotaka kukufanyia.

Kuhusu kukaa kimya. Niliposhika daftari la kodi, majina yaliyopitisha tarehe bila neno yalikwenda kwenye orodha moja, na orodha hiyo ilikwenda kwa wakili bila mtu kuuliza nani ana mgonjwa ndani. Aliyekuja kabla ya tarehe, akiwa na barua ya mwajiri mkononi, aliandikwa kando: "ameomba". Neno hilo moja lilibadilisha namna bosi alivyomsoma. Siyo kwamba bosi alikuwa na huruma, ila aliyekuja mapema alimpa nafasi ya kupanga pesa zake, na aliyenyamaza alimpa hasira. Wewe hujawahi kuchelewesha. Hiyo ni mali uliyo nayo leo, na itakwisha siku ya kwanza baada ya tarehe kupita.

Sasa uombe nini. Hapa ndipo wapangaji wengi wanaumia, maana wanakwenda kuomba "wanifikirie" na mwenye nyumba anawafikiria anavyotaka yeye. Kuna kusogezewa, yaani unalipa baadaye kilekile. Kuna kupunguziwa, yaani kwa miezi fulani kodi yenyewe inakuwa ndogo na kilichopungua hakidaiwi tena. Kuna na kusamehewa mwezi mzima. Mwenye nyumba akisema "haya, nimekuvumilia", mara nyingi anamaanisha la kwanza, na mpangaji anasikia la pili. Miezi inapita, kazi inarudi, halafu anashtushwa na deni la miezi minne.

Hata serikali zilipoingilia wakati wa Uviko ilikuwa hivyo. Ujerumani mwaka 2020 walipitisha sheria kwamba aliyeshindwa kulipa kodi ya Aprili hadi Juni kwa sababu ya janga asivunjiwe mkataba kwa deni hilo, akapewa mpaka 30 Juni 2022 kulimaliza. Muda mrefu, lakini deni lilibaki palepale. Marekani, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa ilizuia kuwatoa wapangaji kuanzia 4 Septemba 2020, kwa yule aliyesaini tamko kwamba amepoteza kipato na amejitahidi kulipa. Kodi iliendelea kuhesabika mwezi kwa mwezi. Mahakama yao ya Juu ilipofuta zuio lile tarehe 26 Agosti 2021, wenye malimbikizo walikuwa hatarini upya, na kilichowaokoa wengi ni fedha za serikali, zaidi ya dola bilioni 46 zilizotengwa kwa awamu mbili, ambazo mara nyingi zililipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Nayasema haya ili ujue kwamba kuzuiwa kufukuzwa na kupunguziwa kodi ni vitu tofauti kabisa. Wewe omba vyote viwili, na uvitaje kimoja kimoja.

Ningekuwa wewe ningeomba hivi: miezi mitatu nilipe nusu kodi. Nusu inayobaki, omba isamehewe. Akikataa, omba igawanywe. Nusu ya miezi mitatu ni kodi ya mwezi mmoja na nusu. Ukiigawa kwa miezi tisa baada ya kurudi kazini, kila mwezi unaongeza sehemu moja ya sita ya kodi. Hiyo mtu mwenye mshahara anaibeba. Kuilipa yote mwisho wa mwezi wa tatu, kama karatasi ya kijana inavyotaka, ni kujiandikia barua ya kuhama.

Lakini mkataba wako umebaki miezi saba, na mitatu ya nafuu ukiitoa inabaki minne. Miezi tisa haiingii. Kwa hiyo omba na mkataba uongezwe mwaka mmoja kwa kodi ileile. Usione unaomba mno, maana kwa mama huyo hiyo ni faida: ana uhakika wa mpangaji katika wakati ambao wapangaji wamekosa kazi kila upande. Mfanyie hesabu mbele yake, taratibu. Ukihama leo, vyumba vikakaa tupu miezi miwili, amepoteza kodi ya miezi miwili kamili. Kukupunguzia nusu kwa miezi mitatu ni mwezi mmoja na nusu. Na bado hajapaka rangi wala kumlipa dalali.

Akiba yako usiimalize yote kwenye kodi ya mwezi mmoja. Nalisema hili nikiwa nimeketi miaka kwenye kiti cha kudai kodi. Chakula na dawa za mama havina mwenye kukuvumilia, kodi inazungumzika. Toa nusu kodi ya mwezi huu, ipeleke siku ya kuomba, na kilichobaki kiwe cha nyumbani. Usiende mikono mitupu, nusu iliyo mkononi ina nguvu kuliko ahadi nzima.

Amana. Unaweza kumwomba mwezi mmoja wa amana uhesabiwe kuwa kodi, kisha uirudishe polepole. Ni njia nzuri ila ina kona: amana ikiisha, mwenye nyumba hana kinga tena na subira yake inapungua. Kwa hiyo guseni mwezi mmoja tu, na iandikwe wazi kwamba amana kupungua kwa makubaliano haya si kuvunja mkataba.

Kitasa sasa. Nchi hazifanani kwa sheria, lakini katika nchi nyingi mwenye nyumba haruhusiwi yeye mwenyewe kumfungia nje mpangaji wake bila amri ya mahakama au baraza linaloshughulikia kodi. Hata Umoja wa Mataifa, kupitia kamati yake ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, iliandika mwaka 1997 kwamba mtu asitolewe bila notisi ya kutosha na nafasi ya kujitetea kisheria, na asitolewe usiku wala hali ya hewa ikiwa mbaya sana, isipokuwa amekubali mwenyewe. Tafuta kabla ya Jumapili ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe, au afisa wa serikali ya mtaa, uulize swali moja: "Hapa kwetu mwenye nyumba akitaka kunitoa lazima apitie wapi?" Jibu lao liandike. Na jirani yako dereva aende nawe, yake yameshatokea na yana mashahidi.

dobi_wa_hoteli:

Asante sana, Mungu akubariki. Nimeirudia kuisoma nikimsomea na mama. Sasa nina woga mmoja. Nikimpita kijana nikaenda kwa mama yake, si atanichukia zaidi? Yeye ndiye anayekuja kila mwezi. Na hiyo barua mimi sijui kuiandika kwa lugha ya ofisi.

mwenye_vyumba:

Dada, mimi nimo upande wa pili, nina vyumba sita navyopangisha. Naomba na sisi tusikilizwe kidogo. Si kila mwenye nyumba ana pesa zilizolala. Mimi vyumba vyangu nilivijenga kwa mkopo, na benki haikuacha kunidai kwa sababu wapangaji wangu wamekosa kazi. Huyo mama mtu mzima inawezekana kodi yako ndiyo matumizi yake ya hospitali. Nusu kodi kwake inaweza kuwa nusu dozi.

Simaanishi usiombe. Uliza kwanza hali yake. Kama ana mkopo, mwambie naye aende benki aombe marejesho yasogezwe, kwa sababu benki nyingi hufanya hivyo wakati wa majanga. Uingereza mwezi Machi 2020 benki zilikubali kuwapumzisha wenye mikopo ya nyumba miezi mitatu, na waliokuwa wanapangisha nyumba hizo wakaingizwa pia. Mpangaji wangu mmoja ndiye aliyenisukuma niende kuuliza, nisingejua. Nilipopata nafuu yangu niliipitisha kwao.

Na ukiahidi tarehe, itimize hata kwa kidogo. Mimi nilichoka na waliozima simu, si waliokuwa hawana.

karani_wa_kodi:

Ndugu mwenye_vyumba amesema kweli na nashukuru amesema. Ndiyo maana sikukushauri uombe miezi mitatu bure. Nusu inamwacha mama na kitu mkononi. Na kama kweli anaitegemea kwa matibabu, mnaweza kukubaliana ile nusu ije mapema zaidi mwezini, au kila wiki kidogo kidogo ukipata kibarua cha kufua.

Hata hivyo nakataa wazo kwamba uzito wote ugawanywe kati ya maskini wawili, dobi na bibi mwenye nyumba moja. Ninyi wawili hamkuleta ugonjwa. Pale ambapo kuna mfuko wa serikali wa kusaidia kodi, au mwajiri anayetakiwa kisheria kulipa sehemu ya mshahara wakati wa kusimamishwa, mlango huo ugongwe kabla ya mnyonge kumkamua mnyonge. Nenda hotelini ukaombe barua inayotaja tarehe likizo ilipoanza na kwamba haina malipo. Papo hapo uliza kama sheria ya kazi ya kwenu inawaruhusu kuwaweka hivyo bila ukomo. Kama kuna chama cha wafanyakazi wa hoteli, waulize wao, wanajua haraka kuliko mimi.

Kuhusu kijana, usimpite. Mtumie ujumbe leo: "Kaka, naomba Jumamosi nije nizungumze na mama, na wewe uwepo." Akiwepo, hatasema umemzunguka, na atayasikia makubaliano kwa masikio yake. Mama mtu mzima mbele ya mwanawe mara nyingi hulinda neno lake.

Barua isiwe ya ofisi. Andika kama unavyosema, fupi, isizidi ukurasa mmoja:

"Mama, mimi mpangaji wako wa vyumba viwili vya nyuma. Nimekaa kwako na sijawahi kuchelewesha kodi. Tangu tarehe fulani nimewekwa kwenye likizo bila malipo, barua ya mwajiri nimeambatanisha. Naomba kwa miezi mitatu, ukianza na huu, nilipe nusu ya kodi, na nusu ya kwanza ninayo leo. Naomba nusu inayobaki unisamehe. Ikiwa haiwezekani, naomba niilipe kwa miezi tisa kuanzia mwezi nitakaorudi kazini, bila riba wala faini. Naomba kwa muda huo nisitolewe kwa ajili ya nusu hiyo, na mkataba wetu uongezwe mwaka mmoja kwa kodi ya sasa. Nikirudi kazini kabla ya miezi mitatu nitakujulisha na nitalipa kamili."

Jina, tarehe, saini yako, saini yake, shahidi mmoja. Nakala mbili. Maneno "bila riba wala faini" usiyaache, nimeona faini za kuchelewa zikizidi kodi yenyewe. Na maneno "mwezi nitakaorudi kazini" yashikilie kwa meno. Watataka kuweka tarehe ya kalenda, na wewe tarehe hiyo huijui, hata hoteli haiijui.

Jambo jingine. Je, mko wapangaji wangapi hapo ambao kazi zimesimama? Ombi la wengi linapokelewa tofauti. Mwaka 1915 kule Glasgow, mji wa Uskoti, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto, wenye nyumba walipandisha kodi wakati wanaume wengi wako mstari wa mbele. Wanawake wa mitaa ile, Mary Barbour akiwa mmoja wa vinara, walijipanga mtaa kwa mtaa, wakazuia maafisa waliokuja kutoa familia ndani. Kaya zaidi ya 20,000 zilikuwa zimegoma kulipa nyongeza. Kabla mwaka haujaisha bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kurudisha kodi kwenye kiwango cha Agosti 1914, vita ilipoanza. Siwaambii mgome, hali yenu si ile na bibi mwenye nyumba moja si wale. Nasema tu kwamba mkienda wanne na barua nne zinazofanana, kijana hawezi kubadilisha vitasa vinne.

fundi_bomba:

Nimesoma na nimeelewa, dada fuata ya karani. Kitasa kikiguswa niambie, nipo tayari kuja kuwa shahidi.

dobi_wa_hoteli:

Ndugu zangu, narudi na majibu. Tulikwenda jana Jumamosi, mimi, dereva na mama muuza nguo wa chumba cha mbele. Kijana alikuwepo. Mama alisoma barua zetu zote, akauliza maswali mengi. Mkopo hana, ila alituambia kodi ndiyo inayomlipia kliniki, kama alivyosema ndugu mwenye_vyumba. Nilimwambia na sisi ndani kuna mgonjwa wa presha, tukaelewana hapo zaidi ya kwenye hesabu.

Amekubali nusu kodi miezi mitatu. Kusamehe amesamehe nusu ya mwezi wa kwanza tu, ya miezi miwili nitalipa kwa miezi sita nikirudi kazini. Mkataba ataongeza miezi sita, si mwaka. Riba hakuna. Amesema kitasa hakitaguswa tena bila yeye kujua, na alimwambia mwanawe mbele yetu. Karatasi yake imechanwa, ila picha ninayo.

Hotelini wamenipa barua. Chama cha wafanyakazi wanasema watawaandikia hoteli kuhusu likizo isiyo na mwisho, tunasubiri.

Kilichonisumbua ni risiti. Kijana ameniandikia "malipo ya sehemu, baki inadaiwa". Ni sawa?

karani_wa_kodi:

Hongera dada, umepata zaidi ya wengi niliowaona. Kodi ya mwezi mmoja igawanywe kwa miezi sita, ni sehemu ileile moja ya sita niliyokuhesabia, hivyo mwezi wako wa kulipa hautakuwa mzito kuliko tulivyopanga.

Risiti si sawa. "Baki inadaiwa" inafuta msamaha wa mwezi wa kwanza na inakufanya uonekane mdaiwa leo. Irudishe kwa upole kabla ya mwisho wa wiki. Ya mwezi huu iandikwe: "Nusu ya kodi ya mwezi fulani, imepokelewa, nusu iliyobaki imesamehewa kwa makubaliano ya tarehe fulani." Ya mwezi wa pili na wa tatu: "nusu iliyobaki kulipwa kwa makubaliano ya tarehe fulani." Kijana akikataa kuandika upya, mama aandike mwenyewe nyuma ya risiti hiyohiyo na asaini. Dereva na mama muuza nguo waangalie na zao, bila shaka zimeandikwa vilevile.